Kutoka Bonde la Rusizi hadi Entebbe: jinsi chanzo cha malale kilivyosakwa

Ukishuka kutoka Kamembe kwenda Bugarama unaliacha Ziwa Kivu na ubaridi wake, mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, unaingia kwenye joto la mashamba ya mpunga yaliyo chini ya mita 1,000. Mto Rusizi nao unateremka hivyo hivyo, ukiitenga Rwanda na Kongo, kisha Burundi na Kongo, hadi unapomwaga maji Ziwa Tanganyika. Mteremko huo ulikuwa na uzito zaidi kuliko mpaka wowote uliochorwa na Wazungu. Mbung'o wa ufukweni anataka joto, maji na kivuli cha vichaka. Huku juu Cyangugu hakupapenda. Kule chini, kwenye nyanda za Imbo na kandokando ya Tanganyika, alikuwa kwake. Na alipokuwa yeye, malale yaliweza kufika.

Siku hizi habari za malale zimekuwa za wazee. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Rwanda imeyatokomeza kama tatizo la afya ya jamii. Lakini namna chanzo chake kilivyopatikana inafaa kukumbukwa wakati huu ambapo madaktari wanahangaika na ugonjwa mwingine wa usingizi, narkolepsi, ambao hauletwi na nzi wala vijidudu vya damu, na ambao humlaza mtu katikati ya mazungumzo au kumlegeza magoti anapocheka.

Daktari aliyeishi karibu kabisa na mto huu zama zile hakujishughulisha na usingizi. Richard Kandt, Mjerumani aliyewahi kufanya kazi katika hospitali za wagonjwa wa akili, alijenga nyumba yake karibu na Shangi, kwenye ufukwe wa Kivu, mwaka 1899. Kilichomleta Rwanda ni kusaka chemchemi za Nile. Janga lilizuka kwingine, kwenye fukwe za Ziwa Viktoria.

Mwaka 1901, Albert na Jack Cook, ndugu wawili waliokuwa madaktari wa hospitali ya misheni ya Mengo, Kampala, waliwatambua wagonjwa wa kwanza. Mtu alianza na homa na uvimbe wa tezi shingoni. Miezi ikipita, tabia ikabadilika, akawa anasinzia mchana chakula kikiwa mkononi, na usiku yuko macho. Mwisho wake kifo. Katika miaka michache watu zaidi ya 200,000 wanakadiriwa kufa Uganda, hasa Busoga, Buganda na visiwani.

London ikatuma tume mwaka 1902: George Low, Cuthbert Christy na kijana wa Kiitalia, Aldo Castellani. Low alikuja akiwa na dhana ya mwalimu wake, Patrick Manson, kwamba minyoo ya damu iitwayo filaria ndiyo inayoua. Wakachunguza, wakakuta minyoo hiyo iko hata pasipo na malale, na pengine malale yako pasipo na minyoo. Castellani akawashuku bakteria. Tarehe 12 Novemba 1902 aliona kwenye maji ya uti wa mgongo wa mgonjwa kijidudu chenye mkia kinachojinyonganyonga, tripanosoma, lakini mwanzoni hakukipa uzito. Mwezi Machi 1903 akafika David Bruce, daktari wa jeshi ambaye huko Zululand alikuwa ameshaonyesha kwamba nagana ya ng'ombe huletwa na tripanosoma inayobebwa na mbung'o. Castellani alipomweleza alichokiona, Bruce akaunganisha mambo.

Kuunganisha si kuthibitisha. Bruce alihitaji kujua mbung'o wako wapi na wagonjwa wako wapi, katika nchi nzima, naye alikuwa na hadubini na wasaidizi wachache tu. Aliyekuwa na nchi nzima ni Katikiro, yaani waziri mkuu, wa Buganda, Apolo Kagwa. Kwa ngazi za machifu wake, pamoja na wamishonari, watu waliombwa wakamate nzi wanaouma na kuwapeleka Entebbe, na habari za mahali walikokamatwa. Taarifa za wagonjwa zikakusanywa vilevile. Zikachorwa ramani mbili, ya nzi na ya ugonjwa, na zilipowekwa pamoja zikaonyesha ukanda ule ule wa ufukwe na visiwa. Vitabu vya tiba humtaja Bruce, na anastahili. Lakini ramani ile nusu yake ni kazi ya utawala wa Kiganda, na ya watu waliokimbizana na nzi vichakani bila majina yao kuandikwa popote.

Badala yake, mabwana wawili waligombania sifa: mwaka 1908 suala la nani aligundua kwanza, Castellani au Bruce, lilifika hadi kurasa za barua za gazeti la The Times. Mwenzao Forbes Tulloch hakuwa na nafasi ya kugombania lolote. Aliambukizwa akiwa kazini katika maabara ya Entebbe, akafa mwaka 1906.

Kulikuwa bado na kosa katika hesabu ya Bruce. Alidhani nzi hubeba kijidudu mdomoni tu, kama sindano chafu, akipeleka ugonjwa kwa saa chache baada ya kuuma. Mjerumani Friedrich Karl Kleine ndiye aliyekuwa na subira. Mwishoni mwa 1908, upande wa Kijerumani wa Ziwa Viktoria, aliendelea kuwalisha mbung'o wake siku baada ya siku wakati wengine wangeshawatupa. Siku zikapita bila lolote. Ndipo, baada ya wiki mbili tatu, nzi wale wakaanza kuambukiza, na wakaendelea. Kijidudu kilikuwa kinakua ndani ya nzi. Bruce alirudia majaribio hayo Uganda akakubali.

Kleine na mwenzake Max Taute wakahamia Tanganyika, wakafanya kazi Niansa, kwenye ufukwe wa Urundi. Hapo bonde la Rusizi linaingia kwenye simulizi hii kwa ubaya wake. Wajerumani walifyeka vichaka vya ufukweni na kuwapeleka wagonjwa kwenye kambi za matibabu, na dawa ilikuwa atoksili, yenye sumu ya aseniki. Robert Koch mwenyewe aliijaribu visiwa vya Ssese mwaka 1906 na 1907. Alipoongeza kipimo, wagonjwa zaidi ya 20 wakapofuka. Haishangazi kwamba wengi walizikimbia kambi. Uganda nako gavana Hesketh Bell aliamuru ufukwe na baadaye visiwa vihamwe. Watu walinusurika na mbung'o, wakapoteza mashamba, mitumbwi na makaburi ya wazazi.

Mataifa yalijua kwamba yanatafiti kitu kimoja vipande vipande. Yalikutana London mwaka 1907 na tena 1908 ili kuunda ofisi moja ya kimataifa ya malale, yakashindwa kukubaliana. Uingereza ikaanzisha yake, chini ya Arthur Bagshawe, daktari aliyewahi kutafuta mayai na vifukofuko vya mbung'o Uganda. Mwaka huo huo Waingereza na Wajerumani walitiliana saini mkataba wa kupashana habari za wagonjwa. Kwenye Rusizi hali ilikuwa nyingine: Wajerumani na Wabelgiji walikuwa bado wanagombea mto wenyewe, na mpaka haukuamuliwa hadi mkutano wa Brussels wa 1910. Ilibidi vita vya dunia vipite ndipo, mwaka 1926 na 1927, tume ya Shirikisho la Mataifa iwaweke pamoja Entebbe Mwingereza Lyndhurst Duke, Mbelgiji van Hoof, Mfaransa Lavier na yule yule Kleine.

Dawa zilikuja polepole: tripasamidi, melasoproli iliyoua baadhi ya waliotibiwa, na mwaka 2018 vidonge vya feksinidazoli vilivyoondoa sindano kwa wagonjwa wengi wa Kongo.

Usingizi wenyewe, cha ajabu, ulichunguzwa mwishoni kabisa. Alain Buguet na wenzake walipowafungia wagonjwa wa Afrika Magharibi na ya Kati vipimo vya umeme wa ubongo kwa saa 24, waligundua kwamba mgonjwa wa malale halali kwa wingi kuliko mtu mzima wa afya. Kinachovunjika ni ratiba: usingizi unatawanyika mchana na usiku, na anaposinzia anaruka moja kwa moja hadi usingizi wa ndoto. Hiyo ndiyo alama ambayo madaktari huitafuta kwa mgonjwa wa narkolepsi.

Narkolepsi ilipewa jina na Mfaransa Gélineau mwaka 1880, ikakaa miaka mia bila chanzo. Kilichoifungua ni mkusanyiko wa watu usiotarajiwa, kama ule wa Entebbe. Mjapani Juji akaona kwamba wagonjwa karibu wote wana alama moja ya kinga. Emmanuel Mignot, Stanford, alitumia miaka kumi kuchunguza mbwa wenye narkolepsi, wanaoanguka wakifurahia chakula. Maabara mbili, kila moja kivyake, zikagundua mwaka 1998 kemikali ya ubongo iitwayo haipokretini. Mwaka 2000 ikajulikana kwamba kwa wagonjwa wengi imekwisha, kwa kuwa chembe zinazoitengeneza zimekufa. Buguet naye akapata jibu: kwa wagonjwa wengi wa malale waliopimwa, haipokretini haikutoweka hivyo. Ishara inafanana, chanzo ni mbali.

Lakini nini kiliziua chembe hizo? Mwaka 2010 daktari Markku Partinen wa Helsinki aliona watoto wengi mno wenye narkolepsi baada ya chanjo ya mafua iitwayo Pandemrix. Orodha za chanjo na za hospitali zikalinganishwa, na uhusiano ukathibitishwa. Huko Beijing, Fang Han akaona ongezeko baada ya mafua ya H1N1 kwa watu ambao wengi wao hawakuchanjwa kabisa. Mwaka 2018 watafiti wa Uswisi walikuta katika damu ya wagonjwa chembe za kinga zinazoilenga haipokretini. Kama ndizo zilizoua, au zilifika baada ya mauaji kukamilika, ndilo linalotafutwa sasa.