Mtumbwi wa Ssese na Jahazi katika Ziwa Viktoria: Kazi, Chuma na Umiliki wa Vyombo, 1875–1910

Munyonyo, ambayo leo imo ndani ya jiji la Kampala, ilikuwa mojawapo ya bandari za Kabaka Mutesa I. Katika miaka ya 1870 vyombo viwili vya usafiri wa mbali vilikuwa vikishindana katika Ziwa Viktoria, ambalo Waganda huliita Nalubaale: mtumbwi mrefu wa kushonwa uliotoka visiwa vya Ssese, na jahazi la tanga lililoundwa kwa mfano wa pwani. Jahazi lilihitaji mabaharia wachache. Mtumbwi mkubwa ulihitaji makumi ya watu. Hata hivyo, kwa zaidi ya kizazi kimoja jahazi halikuuondoa mtumbwi katika ufuo wa Buganda. Mara nyingi sababu hutafutwa katika ubora wa chombo chenyewe. Makala haya yanaitafuta katika swali la nani aliyemiliki chombo na nani aliyekiendesha.

Mtumbwi wa Ssese haukuwa gogo lililochongwa likawa wazi. Chini yake ulikuwa na mkuku wa mti mmoja, na juu ya mkuku huo mbao zilipangwa na kushonwa kwa nyuzi za mimea, kisha matundu yakazibwa. Omo lilitokeza mbele na kupambwa kwa pembe za swala na manyoya ya ndege, na mwili ukapakwa udongo mwekundu. Msomaji wa pwani hatashangazwa na ufundi huu, kwa kuwa mtepe wa Lamu nao ulishonwa bila msumari hata mmoja. Stanley, aliyekuwa na Mutesa mwaka 1875 wakati wa vita dhidi ya Wavuma, alikadiria mitumbwi ya Kabaka kuwa zaidi ya 200, na akaupima mmoja uliokuwa na urefu wa futi 72, yaani takriban mita 22, wenye nafasi ya wapiga makafi 64. Hesabu za Stanley hazina budi kupokelewa kwa tahadhari, hasa anapohesabu majeshi, lakini vipimo vya chombo alichokiona kwa karibu havina sababu kubwa ya kutiliwa shaka.

Udhaifu wa mtumbwi huo ulijulikana na wote. Mishono ilivuja, hivyo kukumba maji ilikuwa kazi ya safari nzima. Haukuweza kukaa majini siku nyingi. Jioni ulivutwa ufuoni. Kwa hiyo ulisafiri kando ya pwani na kutoka kisiwa hadi kisiwa, na mara chache ulikata ziwa katikati. Faida yake ni kwamba haukungoja upepo, na ungeweza kutengenezwa mahali popote penye miti, nyuzi na fundi.

Jahazi lilikuwa kinyume chake karibu katika kila jambo. Songoro, mfanyabiashara kutoka pwani aliyekaa upande wa kusini wa ziwa, alikuwa akiunda jahazi lake Ukerewe wakati Stanley alipopita huko. Mbao zilipatikana papo hapo. Kilichokuwa adimu ni misumari, kitambaa cha tanga, kamba na fundi anayejua kupanga mataruma, na vyote hivyo vilitoka pwani kwa vichwa vya wapagazi, safari ya miezi. Kila jahazi lilikuwa mtaji mkubwa uliokusanywa mahali pamoja, na hasara yake haikuweza kufidiwa upesi. Wamisionari wa CMS walilinunua jahazi la Songoro mwaka 1877. Mwezi Desemba mwaka huohuo Shergold Smith, O'Neill na Songoro mwenyewe waliuawa Ukerewe katika mgogoro na mtemi Lukonge. Baada ya hapo usafiri wa misheni kwenda Buganda ulitegemea kwa sehemu kubwa hiari ya Kabaka na mitumbwi yake.

Hapa ndipo tofauti yenye uzito inapoonekana. Mitumbwi ilikuwa chini ya Gabunga, mkuu wa ukoo wa Mamba na msimamizi wa vyombo vya Kabaka, lakini waliopiga makafi na wengi wa mafundi walikuwa watu wa Ssese, nao walitumika kwa amri. Mwanahistoria Richard Reid ameeleza jinsi nguvu ya Buganda ziwani ilivyozidi kuutegemea utumishi huo na kuwaelemea waliouzaa. Kwa mtawala anayepata wapiga makafi 64 bila kuwalipa ujira, chombo kinachopunguza watu hakimpunguzii gharama yoyote. Kwa mfanyabiashara anayelipa kila mtu aliye chomboni, tanga ni akiba. Vyombo vyote viwili vilikuwa na mantiki kamili kwa mwenyewe. Anayesema kwamba Waganda walishindwa kulielewa tanga amesahau kuuliza mshahara ulilipwa na nani.

Matukio ya 1888 na 1889 yanathibitisha jambo hili. Mwanga alipopinduliwa alikimbilia kusini mwa ziwa, na mwaka uliofuata akarudishwa kwa mashua ya Charles Stokes, mfanyabiashara wa pembe na bunduki. Mashua moja ilitosha kumleta, lakini haikutosha kumrejeshea kiti. Kilichogeuza mambo ni watu wa Ssese kuamua kumuunga mkono. Kwa mitumbwi yao aliyatawala maji akiwa kisiwani Bulingugwe, mkabala na Munyonyo, huku wapinzani wake wakishika bara.

Msingi huo wa kazi ulivunjika kwa muda mfupi. Ugonjwa wa malale ulioenea kuanzia 1900 uliua watu wengi mno ufuoni na visiwani, na chini ya gavana Hesketh Bell serikali ya kikoloni ikaanza kuwahamisha waliobaki. Kufikia 1909 visiwa vya Ssese vilikuwa vikiondolewa watu. Wakati huohuo meli ya moshi William Mackinnon ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900, reli ikafika huko mwishoni mwa 1901, na gati la Luzira likapewa jina la gavana huyo, Port Bell. Meli ilichukua safari za mbali. Mtumbwi mrefu ulikosa wapiga makafi kabla ya kukosa abiria.

Jina lake, hata hivyo, lilibaki. Chombo kinachoitwa ssese leo nchini Uganda na Kenya ni cha mbao zilizopigiliwa misumari, na upande wa Kenya wavuvi wengi hukitweka tanga la pembetatu lililotokana na jahazi. Msumari wenyewe uliingia Buganda na jina lake la Kiswahili: kwa Kiganda ni omusumaali. Vyombo viwili vilivyoonekana kuwa wapinzani vilikuja kuwa kimoja, mikononi mwa mvuvi asiye na wa kumwamrisha wala mtaji wa Songoro.

Washauri wa sera wana sababu ya kulitazama jambo hili kwa makini. Kanuni za uvuvi za Uganda zinakataza vyombo vifupi kuliko futi 28 katika Ziwa Viktoria, na kuanzia 2017 jeshi lilishiriki kuzitekeleza, mara nyingi kwa kuviharibu vilivyokamatwa. Lengo la kuhifadhi samaki wachanga ni halali. Lakini urefu wa chombo katika ziwa hili haujawahi kuwa suala la maji peke yake: futi 72 za Mutesa zilitokana na watu wasiolipwa, na futi 28 za leo zinadai mbao, misumari na mara nyingi mashine, ambavyo mvuvi hukopa kwa mnunuzi wa samaki wake.