Majani ya Barabara ya Zambia

Vijana ninaowafundisha udereva huja na lena zao mfukoni na alama za barabarani kichwani. Wanajua kwamba kwenye makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na kwamba basi au lori la zaidi ya kilo 3,500 lisizidi 80. Lakini tukikuta matawi mabichi yametupwa katikati ya lami, wengi wanakanyaga tu na kupita. Hapo ndipo ninapowasimamisha, maana matawi hayo ni sheria ya zamani kuliko kitabu walichosoma.

Niliirithi kwa mzee aliyenipokea nikiwa utingo. Yeye alianza kuendesha njia ya Zambia wakati ikiwa vumbi kiangazi na tope masika. Baada ya Ian Smith kujitangazia uhuru wa Rhodesia tarehe 11 Novemba 1965, Zambia iliigeukia bandari ya Dar es Salaam. Malori yakapanda na mapipa ya mafuta, yakarudi na shaba. Walioipita njia ile waliibatiza jina la jehanamu, na mzee hakuona kama walitia chumvi. Gari likizimika kwenye kona usiku, nyuma yake linakuja jingine lenye mzigo na taa hafifu, na fundi yuko mbali. Utingo alikuwa anaruka na panga kabla hata dereva hajafungua boneti. Matawi ya kwanza yanawekwa mbali, yanayofuata karibu, ya mwisho jirani kabisa na tairi, ili anayekuja apunguze mwendo kidogo kidogo. Kwenye mteremko huwekwa na upande wa juu na wa chini.

Bomba la mafuta la TAZAMA lilipoanza kazi mwaka 1968, mapipa yalipungua. Lami ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa 1976. Lami ilileta mwendo, na Sheria ya Usalama Barabarani ikapitishwa 1973. Leo pembetatu zinadaiwa na trafiki, lakini majani hayajaondoka. Lawama yangu iko kwa wale wanaotengeneza gari wakaondoka na kuacha mawe waliyoyawekea tairi. Jani halimuui mtu. Jiwe gizani linamuua mwenye pikipiki.

Somo jingine la wazee liko Kitonga, kule Iringa, ambako barabara inashuka kwa kona kuelekea Ruaha Mbuyuni. Mzee alikuwa na kanuni moja: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Mwenye haraka, au anayebania mafuta, anaweka nyutro na kuliachia gari liserereke. Sasa injini haizuii kitu, kazi yote inabaki kwa breki. Zinapata moto, zinatoa harufu ya kuungua, kisha unakanyaga na gari halishiki. Kabla ya kuanza kushuka alikuwa anasimama juu, anagonga kila tairi kwa nyundo, anachungulia geji ya upepo wa breki. Abiria wa kuomba lifti walikuwa wakinung'unika. Aliwaacha wanung'unike.

Kisha kuna lugha ya taa, ambayo siipendi sana. Anayekuja mbele akikupigia fulu mara mbili, kuna trafiki na tochi yake, au kuna ng'ombe, au kuna ajali. Hujui lipi, kwa hiyo punguza. Lori ulilo nyuma yake likiwasha indiketa ya kushoto, linakwambia pita. Ya kulia, subiri. Zamani, madereva walipokuwa wachache na wakijuana kwa sura Mikumi na Makambako, ilifanya kazi vizuri. Siku hizi indiketa ya kulia huenda ikawa ya mtu anayekata kona kwenda shambani kwake, na ya kushoto huenda ikawa ya anayeegesha anunue vitunguu. Kitabu cha sheria hakikumpa dereva wa mbele ruhusa ya kukuamulia lini upite.

Kwa hiyo mwanafunzi akiniuliza, "Mzee, ameshawasha ya kushoto, nipite?" namwambia asogee kulia kidogo ajionee barabara mwenyewe. Asipoiona, abaki nyuma ya lori, hata kama ni mpaka Mafinga.