Mwamba, Reli na Nguvukazi: Uchimbaji wa Chini ya Ardhi katika Mgodi wa Sekenke, Mkoa wa Singida, 1909–1916

Ni rahisi kuichukulia migodi ya kikoloni iliyotegemea mikono ya watu kuwa migodi iliyochelewa kufikiwa na mashine. Mgodi wa dhahabu wa Sekenke, wilayani Iramba, unaonyesha kwamba maelezo hayo hayatoshi. Hoja kuu ya makala haya ni kwamba njia ya kuchimba iliamuliwa na umbo la mwamba, usafirishaji na bei ya nguvukazi.

Mashine ya kutoboa mahandaki ilikuwepo kabla Sekenke haijaanza uzalishaji mwaka 1909. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 mashine ya Beaumont ilikwishatoboa zaidi ya kilomita moja na nusu ya chaki laini upande wa Uingereza, katika jaribio la kuunganisha nchi hiyo na Ufaransa chini ya bahari. Katika migodi ya makaa ya mawe, mashine za aina hiyo zilitumika Donkin, Kanada, katika miaka ya 1980, na Grosvenor, Australia, katika miaka ya 2010. Kote kuwili hazikukata makaa yenyewe, bali zilitoboa njia ndefu za kuyafikia. Gharama yake hulipika pale tabaka la makaa linapotandaa eneo kubwa.

Singida haina jiolojia ya namna hiyo. Makaa ya Tanzania yamo hasa katika miamba tabaka ya kusini-magharibi, kama vile Kiwira na Ngaka. Dhahabu ya Sekenke imo katika mishipa myembamba ya kwatzi ndani ya mwamba wa kale na mgumu. Handaki pana lililonyooka lingetoa zaidi mawe yasiyo na dhahabu. Tindo, nyundo na baruti viliweza kuufuata mshipa popote ulipoelekea.

Usafirishaji uliongeza kikwazo. Mwaka 1909 Reli ya Kati ilikuwa haijafika Dodoma. Ilifika Tabora mwaka 1912. Kila chombo kizito kilipaswa kuvuka nchi isiyo na reli.

Vita vilipokata mawasiliano ya koloni na Ujerumani, dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora. Huko, katika karakana ya reli, mwaka 1916 zilitengenezwa sarafu za rupia 15 zipatazo 16,000, zenye picha ya tembo. Septemba mwaka huo majeshi ya Ubelgiji yaliuteka mji.

Kwa mwenye mgodi, kutotumia mashine kubwa kulikuwa uamuzi wa kihesabu. Hata hivyo, hesabu hiyo ilihamishia uzito wa kazi, vumbi na hatari ya kuporomokewa na mwamba kwa wafanyakazi Waafrika. Sarafu zilizosalia zinataja thamani, mwaka na dola. Waliochimba dhahabu yake hawamo. Historia ya teknolojia ya Sekenke itakamilika pale itakapouliza pia nani aliyelipa gharama ya kukosekana kwa mashine.