Sheria ipi mkononi?

Umati ukiua mtu, magazeti ya Kiswahili huandika kwamba wananchi "wamejichukulia sheria mkononi". Sheria ipi?

Machi 1892, mjini Memphis, Marekani, Thomas Moss na wenzake wawili wa duka la Weusi, lililoshindana na la Mzungu, walitolewa jela na umati wakapigwa risasi. Rafiki yao Ida B. Wells, mwanahabari, akachunguza mauaji ya aina hiyo na kuonyesha kuwa tuhuma nyingi dhidi ya waliouawa zilikuwa kisingizio tu. Ofisi ya gazeti lake ikavunjwa. Hakunyamaza.

Kuyatafsiri mauaji hayo, "lynching" kwa Kiingereza, kuwa "kunyonga" nako kunapotosha: hata mahakama huamuru kunyonga, na Moss aliuawa kwa risasi. Afadhali "mauaji ya genge", yanayotaja kosa na wakosaji. Marekani iliyafanya jinai ya shirikisho mwaka 2022.