Mchezo, Michezo na Gemu: Historia ya Kutambuliwa kwa Mashindano kutoka Beni hadi Michezo ya Video, kwa Kurejelea Dzaleka na Lilongwe

Swali la iwapo mashindano ya michezo ya video ni michezo halisi liliulizwa kwanza katika lugha zinazotenganisha maneno mawili. Kiingereza na Kifaransa vina neno la kitu kinachochezwa kwa kujiburudisha, na neno jingine la kitu kinachopewa uwanja, mwamuzi na kurasa za mwisho za gazeti. Kiswahili hakikuweka mpaka huo. Kitenzi -cheza humbeba mtoto mwenye vifuniko vya chupa, mzee mwenye bao, msichana anayecheza ngoma, askari anayecheza gwaride na mshambuliaji wa timu ya taifa. Ni wingi tu, michezo, uliopewa kazi ya kiofisi: wizara ya michezo, baraza la michezo, habari za michezo. Kumwuliza mzungumzaji wa Kiswahili kama mchezo wa video ni mchezo ni sawa na kumwuliza kama maji ya mvua ni maji.

Katika makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, takriban kilomita 45 kutoka Lilongwe, hali hiyo ya lugha ni bayana zaidi. Mahali hapo palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Kamuzu Banda. Mwaka 1994 paligeuzwa kuwa kambi iliyokusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wanaishi humo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wengi wao. Kirundi na Kinyarwanda hutumia gukina kwa mtoto na kwa mwanasoka, na imikino ndilo jina la habari za michezo redioni. Kichewa cha wenyeji kina kusewera na masewera kwa upana uleule. Hakuna hata moja kati ya lugha hizi inayomlazimu msemaji kuamua mapema kwamba mchezo fulani ni wa kweli na mwingine ni wa kupoteza wakati.

Ikiwa lugha haikuweka mpaka, ni nani aliyeuweka? Makala haya yanadai kwamba katika historia ya eneo hili mchezo ulipandishwa au kunyimwa hadhi kwa sababu tatu zisizohusiana na jasho: chama kinachousimamia, daftari linalouandikisha na ruhusa ya wachezaji kusafiri. Kwa mkazi wa Dzaleka, ya tatu ndiyo nzito kuliko zote.

Beni na mashaka ya serikali

Mfano wa kale unaofaa zaidi si mpira wa miguu. Ni beni. Ngoma hii ya mashindano iliibuka katika miji ya pwani ya Kenya, Mombasa na Lamu, mwishoni mwa karne ya 19. Vyama viliiga bendi za kijeshi za Wazungu, vikavaa sare, vikagawana vyeo vya jeshi na vya serikali, kisha vikapambana kwa ubora wa gwaride, nyimbo, mavazi na karamu. Majina ya Marini na Arinoti yalienea hadi Tanganyika. Vita vya 1914–1918 viliwachukua askari na wapagazi wa King's African Rifles, wengi wao kutoka Nyasaland, na waliporudi makwao walirudi na beni. Kusini mwa nchi hiyo ngoma ilibaki na jina lake. Kaskazini ikawa malipenga, na katika mkoa wa kati ikajulikana kama mganda. Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu ngoma na jamii Afrika Mashariki, alionyesha jinsi mtandao huo ulivyovuka mipaka ya makabila na makoloni.

Maofisa wa kikoloni hawakujiuliza kama beni ilikuwa mchezo. Walijiuliza ilikuwa siasa ya namna gani. Vyama vyenye matawi, barua, viongozi na wanachama waliosafiri kwenda kushindana katika mji mwingine viliwatia wasiwasi, nao wakavichunguza. Wakati huohuo mpira wa miguu, uliokuwa chini ya shule za misheni, jeshi na makampuni, ulipewa viwanja. Tofauti haikuwa katika mwili wa mchezaji: mtu aliyecheza beni kutwa nzima alitoka jasho si chini ya winga wa kulia. Tofauti ilikuwa katika mwenye kushika daftari la wanachama.

Vikundi vya malipenga vya leo bado hualikana kijiji kwa kijiji, hushindana na huhukumiwa na watazamaji. Hata hivyo, katika nyaraka za serikali vimewekwa upande wa utamaduni, si upande wa michezo.

Bao, sataranji na hoja ya jasho

Hoja inayosikika mara nyingi dhidi ya gemu za mashindano ni kwamba mchezaji ameketi. Hupendwa kwa sababu ni rahisi. Ingefuatwa kwa uaminifu, mbeba mizigo sokoni Lilongwe angekuwa mwanamichezo mkubwa kuliko mlenga shabaha, ilhali ulengaji shabaha umo katika Olimpiki tangu 1896. Bao linaikabili hoja hiyo kutoka ndani ya utamaduni wenyewe. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Bingwa huhesabu mizunguko ya kete kichwani kabla ya kuinua mkono, na tasnifu ya Alex de Voogt ya mwaka 1995 ilichunguza umahiri huo kwa mabingwa wa Zanzibar. Malawi wanaliita bawo na wanalicheza chini ya miti kuanzia ziwani hadi mijini. Hakuna anayeona ajabu kumwita mshindi wake bingwa. Lakini bao halikuwahi kuwa na shirikisho la dunia lenye nguvu, na kwa hiyo bingwa wake hupata heshima barazani na si tiketi ya ndege.

Sataranji ilipata. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitambua shirikisho lake, FIDE, mwaka 1999. Hakuna kanuni ya mchezo iliyobadilika mwaka huo, wala wachezaji hawakuanza kukimbia. Kilichobadilika ni kwamba mataifa mengi yalipata sababu ya kukisajili chama cha sataranji pamoja na vyama vya riadha na ndondi. Mkondo wa usajili ni uleule kote katika kanda: Tanzania, kwa mfano, Sheria Na. 12 ya 1967 iliyoanzisha Baraza la Michezo la Taifa ilifanya usajili wa chama kuwa mlango wa kuingilia michezo rasmi.

Michezo ya video imefuata njia ya sataranji kwa kasi. Mwaka 1972 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford walishindana katika Spacewar kwa zawadi ya usajili wa gazeti. Mwaka 2000 Korea Kusini iliunda chama cha taifa cha mashindano hayo, na mwaka 2008 shirikisho la kimataifa likaanzishwa nchini humo. Katika Michezo ya Asia ya Jakarta, 2018, gemu zilikuwa za maonyesho. Katika ile ya Hangzhou, iliyofanyika 2023, zilitolewa medali, na vijana wa Korea Kusini walioshinda dhahabu walipata nafuu ya utumishi wa jeshi kama wanariadha wenzao. Michezo ya Afrika ya Accra, Machi 2024, nayo ilizipokea kama michezo ya maonyesho. Kenya ilikuwa imetoa mfano wa mtu mmoja mapema zaidi: mwaka 2018 Sylvia Gathoni, mchezaji wa Tekken ajulikanaye kwa jina la QueenArrow, aliingia mkataba na timu ya kigeni ya UYU.

Hadi hapo historia inaunga mkono jibu la ndiyo. Anayetaka kulipinga itambidi kwanza aifukuze sataranji.

Gemu yenye mwenyewe

Kuna pingamizi lililo zito kuliko jasho, nalo hutajwa kwa nadra. Bao halina mwenyewe. Mpira wa miguu hauna mwenyewe. FIFA inamiliki Kombe la Dunia, haimiliki kupiga mpira. Gemu ina mwenyewe. Kampuni iliyoitengeneza inaweza kubadili kanuni usiku mmoja, kuzima seva, au kumfungia mchezaji akaunti bila rufaa mbele ya baraza lolote la taifa. Mwaka 2022 kampuni ya Electronic Arts na FIFA zilivunja ushirikiano wao wa jina uliodumu karibu miaka 30, na mwaka uliofuata gemu ileile ikatoka kwa jina la EA Sports FC. Vibandani vijana wameendelea kusema wanacheza FIFA, nao wana haki yao. Lakini chama cha taifa kilichokuwa kimeandika jina la zamani katika katiba yake kingejikuta kinasimamia mashindano ya kitu kisichouzwa tena. Baraza la michezo linalotambua gemu moja kwa jina lake hulipa bidhaa ya kampuni binafsi muhuri wa serikali. Linalotambua chama cha wachezaji, chenye uchaguzi na daftari lake, hufanya kazi ileile lililoifanya kwa sataranji. Washauri wa sera wanapaswa kuitazama tofauti hiyo kabla ya kuandika rasimu yoyote.

Suala la maudhui ni la pili. Thomas Bach, akiwa rais wa Kamati ya Olimpiki, alisema mwaka 2018 kwamba gemu za kuua hazipatani na maadili ya Olimpiki. Miongoni mwa watu waliokimbia vita kauli hiyo ina uzito wake, ingawa jibu lililotolewa na mkimbizi mmoja lina uzito zaidi. Lual Mayen, Msudani Kusini aliyekulia katika kambi kaskazini mwa Uganda, alipata kompyuta baada ya mama yake kuweka akiba kwa miaka mitatu, akajifunza kutengeneza gemu, akaunda Salaam, ambayo mchezaji wake ni mtu anayekimbia vita na kutafuta maji na chakula. Hakusubiri kuambiwa kama kazi hiyo ni michezo.

Umeme, kibali na njia ya Lilongwe

Kwa upande wa Malawi, masharti ya mchezo huu ni ya kimaumbile kwanza. Januari 2022 Kimbunga Ana kiliharibu kituo cha umeme cha Kapichira, na nchi ikapoteza takriban megawati 130, karibu theluthi ya uzalishaji wake, kwa zaidi ya mwaka mmoja. Uwanja wa mpira haukuzimika siku hiyo. Mchezaji wa gemu ya mtandaoni hutegemea pia seva zilizo mbali, Afrika Kusini au Ulaya, na kila sehemu ya sekunde inayopotea njiani ni faida kwa mpinzani aliye karibu nayo.  Anayechelewa huambiwa anunue bando bora.

Sharti la pili ni la kisheria. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, ikaweka masharti ya kutofungwa na baadhi ya vifungu vyake, vikiwemo vya ajira na uhuru wa kutembea. Sera ya kuwaweka wakimbizi kambini ililegezwa kwa miaka mingi, hata familia nyingi zikafungua maduka Lilongwe. Machi 2023 serikali iliagiza warudi Dzaleka, na Mei mwaka huo polisi walianza kuwakamata mjini. Miezi michache tu kabla, Desemba 2022, Lilongwe hiyohiyo ilikuwa imeandaa Michezo ya Vijana ya Kanda ya Tano ya Baraza la Michezo la Umoja wa Afrika. Vijana wa kusini mwa Afrika walivuka mipaka kwa fulana za mataifa yao na kupokewa kwa bendi. Kijana wa Dzaleka, aliye umbali wa chini ya saa moja na nusu kwa gari, hakuwa na taifa la kumvisha fulana.

Olimpiki ilishughulikia pengo hilo kwa namna yake. Timu ya Wakimbizi ya Rio 2016 ilikuwa na watu 10, wakiwemo wakimbiaji watano wa Sudan Kusini kutoka kambi ya Kakuma na wanajudo wawili wa Kongo, Popole Misenga na Yolande Mabika, waliokuwa wamepata hifadhi Brazil. Waliingia uwanjani nyuma ya bendera ya Olimpiki. Mashirikisho ya gemu, kinyume chake, yamepanga mashindano yao makuu kwa timu za mataifa. Lilongwe ikizitambua gemu kuwa michezo kwa mkondo huo peke yake, kijana wa mjini atapata chama na safari, na kijana wa Dzaleka, ambaye huenda wamefahamiana mtandaoni na kushindana naye kila wiki, atabaki mtazamaji wa timu ya nchi aliyozaliwa ndani yake. Kipengele cha ukaazi badala ya uraia katika katiba ya chama kingetosha kuliondoa tatizo hilo katika mashindano ya ndani ya nchi.

Tangu 2014 Tamasha la Tumaini, lililoasisiwa na mshairi Mkongo Trésor Nzengu Mpauni, ajulikanaye kama Menes la Plume, limegeuza upande wa safari. Ni wakazi wa Lilongwe wanaopanda magari kwenda Dzaleka, na baadhi yao hulala katika nyumba za wakimbizi, kama vikundi vya malipenga vinavyolala kwa wenyeji vilivyoalikwa nao. Mashindano ya gemu yanayohitaji skrini, jenereta na intaneti ya siku tatu yanaweza kuandaliwa humo bila kugusa sheria yoyote. Kumpeleka mshindi wake kwenye fainali ya Lilongwe kunahitaji kibali cha kutoka kambini, na kibali hicho hakitolewi na baraza la michezo.