Menyu Iliyojua Kungoja

Sisi wapiga chapa tuliotolewa kwenye taipureta tukawekwa mbele ya kompyuta, wengi wetu tulianzia programu ya kuandikia iitwayo WordStar. Iliandikwa na Rob Barnaby wa kampuni ya MicroPro, California, ikaingia sokoni 1979. Vijana wakiiona leo wanacheka: haina kipanya, haina picha. Mimi siicheki. Ilijua kwamba aliyeanza jana na aliyebobea hawahudumiwi sawasawa.

Mgeni aliwekewa msaada wa kiwango cha 3. Menyu ya amri ilikaa juu ya skrini muda wote, ikila nafasi ya barua, na skrini yenyewe ilikuwa na mistari 24 au 25 tu. Ukishazoea, unabonyeza Control na J, kisha H, unateremsha hadi 2, hadi 1, hadi 0. Maandishi yanabaki na karibu skrini yote.

Utamu wenyewe ulikuwa kwenye K. Kwenye kiwango cha 3 au 2, ukibonyeza Control na K halafu ukasita, programu ilingoja kidogo, kisha ikakufunulia orodha: S kuhifadhi na kuendelea, D kuhifadhi na kufunga faili, B kutia alama mwanzo wa fungu la maneno. Mwenye vidole vyepesi alikuwa ameshagonga S, na menyu haikujitokeza kabisa. Hakuna aliyeulizwa kama ni mgeni au fundi. Kule kusita kulitosha. Na herufi alizosoma mgeni kwenye orodha ndizo zile zile alizozigonga fundi bila kutazama.

Mwaka 1984, John Carroll na Caroline Carrithers wa IBM walieleza njia nyingine: kumfungia mwanagenzi amri asizozihitaji bado. Akizigusa, anaambiwa hazipatikani. Waliofundishwa hivyo walianza kazi mapema na hawakupoteza muda mwingi kwenye makosa. Kwa wiki ya kwanza, naikubali.

Ikaja Office 2000. Menyu zake zilificha amri usizozitumia mara kwa mara, zikazitoa ukingoja au ukibonyeza vishale vya chini. Wazo lina undugu na lile la K, ila hapa mashine ndiyo iliyoamua, na mpangilio ukawa unabadilika. Ni sawa na kupangiwa jiko upya kila usiku. Mwalimu atasemaje "bonyeza ya tatu kutoka juu", iwapo ya tatu kwangu siyo ya tatu kwako? Katika Office 2007, Word na Excel ziliachana na menyu hizo, zikavaa utepe wa vitufe.

George R. R. Martin, mwandishi wa riwaya, ameng'ang'ania WordStar 4.0 kwenye DOS. Nabashiri msaada ameuweka 0.