Pumzi na Zoloto: Kuchagua Dawa ya Nusukaputi kwa Kazi Fupi za Njia ya Hewa

Mtoto aliyepaliwa na punje ya karanga hadi ikashuka kwenye njia ya hewa huingizwa chumba cha upasuaji akihema kwa shida. Kuitoa kwa bronkoskopu ya chuma kwaweza kuchukua dakika chache tu. Lakini katika dakika hizo, daktari wa upasuaji na daktari wa usingizi wanautumia mlango mmoja, nao ndio mgonjwa anaoupumulia. Hoja yangu ni kwamba dawa ya kumlaza mgonjwa wa namna hii ichaguliwe kwanza kwa kutazama inavyolitenda zoloto. Kutazama tu kama inaiacha pumzi iendelee hakutoshi.

Hoja hii inagusa mazoea yetu. Ketamini, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1962, imebeba upasuaji katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki, na inastahili heshima hiyo. Hutuliza maumivu, hushikilia shinikizo la damu, hutanua vijia vya mapafu, na kwa kawaida mgonjwa huendelea kupumua. Kwa jeraha la mguu sina ugomvi nayo. Kooni mambo ni mengine. Ketamini huongeza mate na huliacha zoloto likiwa macho. Tone la mate au ncha ya chuma ikiligusa, laweza kujifunga kabisa. Atropini hupunguza mate, lakini haizuii zoloto kujihami. Kusema mgonjwa anapumua si sawa na kusema yuko salama, nasi tumezoea kuyachanganya hayo mawili.

Thiopentali, inayotumika tangu 1934, hulaza upesi lakini nayo huliacha koo likijihami, na dozi zikirudiwa hujikusanya mwilini, mgonjwa akachelewa kuamka. Etomidati huuhurumia moyo. Hata hivyo, dozi moja tu hupunguza kwa saa kadhaa utengenezaji wa kotisoli.

Propofoli ndiyo inayolituliza koo kuliko zote hizo. Mchanganyiko wake wa kwanza, uliojaribiwa kwa wagonjwa mwaka 1977, uliachwa kwa sababu ya mzio. Ikarudi sokoni Uingereza mwaka 1986 ikiwa nyeupe kama maziwa, imechanganywa na mafuta ya soya. Barakoa ya zoloto aliyoibuni Archie Brain ilipoanza kuenea miaka michache baadaye, propofoli ilikuwa mwenzi wake wa asili: chini yake koo huipokea barakoa bila kukohoa wala kukabwa.

Gharama yake naijua. Miligramu 2 kwa kila kilo ya mtu mzima, zikisukumwa kwa mkupuo, mara nyingi husitisha pumzi na kuteremsha shinikizo la damu. Kwa aliyepoteza damu nyingi, hiyo ni hatari kubwa. Ndiyo maana nasisitiza itolewe kidogo kidogo, oksijeni ikiwapo, na lignokeini iliyopimwa kwa uzito ipulizwe kwenye nyuzi za sauti. Pumzi iliyosita husaidiwa kwa mfuko na barakoa. Zoloto lililojifunga huukataa mfuko.

Mahali pamoja tu naachia nafasi. Njia ya hewa ikiwa tayari imekaribia kuziba, mfuko wenyewe huenda usipitishe kitu, na kusitisha pumzi ya mgonjwa huyo ni kumnyang'anya alichobakiwa nacho. Hapo ketamini kidogo, juu ya koo lililokwisha kufishwa ganzi kwa lignokeini, ina haki ya kutangulia.